Ndege ya Ghorofa

Ndege yetu ilikaa hewani sekunde kumi na moja. Nilizihesabu mwenyewe. Sekunde nne za kwanza ilipanda vizuri, pua juu, mabawa yameng'aa kwa jua la asubuhi. Sekunde ya tano ikaanza kulalia kushoto. Mjomba akasukuma kijiti cha rimoti kulia, ndege haikutaka. Akasukuma tena mpaka mwisho, ikazidi kulala, kama mlevi anayetafuta ukuta. Sekunde ya kumi na moja ikachomeka pua mchangani, na kazi ya miezi minne ikawa kuni za kuwashia jiko.

Watoto waliokuja kutazama wakapiga makofi. Wao walidhani ndiyo mchezo wenyewe.

Mjomba hakusema kitu. Aliokota vipande kimoja kimoja akavipanga ndani ya boksi, kama mtu anayekusanya vyombo baada ya hitima. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na moyo unanidunda, kwa sababu nilijua kosa ni la nani. Lakini hilo nitalieleza baadaye. Kwanza nieleze mtu kama mimi alifikaje kwenye mambo ya ndege.

Mimi si fundi. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kawaida tu, na tangu hapo naandika riwaya. Vijana wenzangu kijiweni wananiita Shaaban Robert, na hawaniiti hivyo kwa kunisifu. Riwaya yenyewe inahusu vita ya Rufiji ya mwaka 1915, pale Waingereza walipoitafuta manowari ya Kijerumani iliyojificha kwenye delta. Shujaa wangu alikuwa rubani wa Kiingereza. Niliandika kurasa thelathini kwenye kaunta buku, nikafika mahali rubani anapaa kwa mara ya kwanza, nikakwama. Niliandika kwamba ndege ilipaa kama tai. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Mtu ambaye hajawahi hata kupanda ndege atajuaje inavyopaa?

Kurasa zile nilimpelekea Mjomba. Huyu ni ndugu yake mama, ana kibanda cha kutengeneza redio Kariakoo, na ndiye mtu pekee katika ukoo wetu anayesoma kitabu bila kutumwa na mwalimu. Alisoma huku ameshika chuma cha solda mkono wa pili. Alipofika kwenye tai, akacheka.

"Tai anapunga mabawa, mjomba. Ndege hizi zilikuwa zimefungwa waya kila upande, zitapungaje? Wewe unaandika kitu usichokijua."

Kisha akavuta boksi refu lililojaa vumbi kutoka chini ya meza. Mteja mmoja mgeni aliacha amplifaya itengenezwe, akaondoka nchini bila kulipa, akaacha na boksi hilo. Ndani yake kulikuwa na ramani, waya, na vipande vya mbao vyepesi kiasi kwamba nilipolinyanyua nilidhani liko tupu. Ilikuwa ndege ya mfano ya kuunga mwenyewe, ya kurushwa kwa rimoti, yenye mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine. Watoto wa pale uani waliipa jina siku hiyohiyo: ndege ya ghorofa.

MDOGO NDIYE MZAZI

Wengi tunadhani ndege ya kuchezea ni mwigo wa ndege kubwa. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe historia inasema kinyume: ndege ndogo ndiyo mzazi, kubwa ndiyo mtoto.

Mwaka 1871, Mfaransa kijana aitwaye Alphonse Pénaud alisimama katika bustani ya Tuileries mjini Paris na kakitu kenye bawa, mkia, na pangaboi lililozungushwa na mpira uliosokotwa. Alikuwa na umri wa miaka 21. Kakitu kale kaliruka mita 40 hivi kwa sekunde 11, kakatua salama. Sekunde kumi na moja! Nilipomsomea Mjomba habari hiyo baada ya ajali yetu, alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima. "Basi tuko sawa na Mfaransa. Tofauti ni kwamba yake ilitua."

Pénaud ndiye aliyeonyesha kwamba mkia mdogo ukitegeshwa kwa pembe inayofaa, ndege hujirekebisha yenyewe hewani bila mtu ndani. Maisha yake hayakuwa marefu. Alijiua mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 30. Lakini wanasesere wake wa mpira walisambaa. Mwaka 1878 askofu mmoja wa Marekani aliwaletea wanawe wawili kidude cha namna hiyo, cha kupaa kwa mpira. Watoto hao waliitwa Wilbur na Orville Wright. Miaka 25 baadaye, tarehe 17 Desemba 1903, Orville aliruka na mashine yenye injini kwa sekunde 12, akaenda mita zipatazo 36. Ukilinganisha, mwanasesere wa Pénaud alikwenda mbali zaidi.

Na rimoti je? Nayo ina umri kuliko tunavyodhani. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo ndani ya bwawa, akaigeuza kushoto na kulia bila kuigusa, kwa mawimbi ya redio. Kwa upande wa ndege za mfano, ndugu wawili mapacha wa Michigan, Walter na William Good, walirusha ndege yao iliyoitwa Guff mwaka 1937, ikiongozwa kwa redio kutoka chini. Redio za wakati ule zilikuwa za valvu, nzito, zenye kula betri kama mchwa. Mjomba, ambaye mpaka leo anahifadhi valvu kabatini kama mtu anayehifadhi vito, aliniambia nisome sehemu hiyo mara mbili.

MIEZI MINNE YA WEMBE NA GUNDI

Sasa tuingie kazini. Mbao za ndege ile zinaitwa balsa. Mti wake huota Amerika ya Kati na Kusini, na nchi ya Ekuado ndiyo inayouza kwa wingi zaidi. Hukua haraka, na ndani yake umejaa vitundu vya maji ambavyo mbao ikikaushwa hubaki hewa tupu. Mita moja ya ujazo ya balsa ya kawaida ina kilo 160 hivi. Mvule kwa kipimo hichohicho unapita kilo 600. Usidharau wepesi huo. Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza walijenga ndege ya kivita iitwayo Mosquito kwa kubana balsa katikati ya plaiwudi, ikawa miongoni mwa ndege za kasi kabisa za wakati wake.

Tulitandika ramani juu ya kipande cha silingibodi, tukaifunika nailoni ili gundi isishike karatasi. Kila bawa lina mbavu, nyembamba kama biskuti, zilizochongwa kwa umbo la juu mviringo na chini karibu bapa. Zilikuwa 44. Unazipanga juu ya boriti ndefu inayokwenda kutoka mzizi wa bawa hadi nchani, unachoma pini huku na huku, unatia gundi, unasubiri. Vibanio vya kuanikia nguo vya mama viliisha kamba nzima. Aliponiuliza viko wapi nikamwambia vimeshika bawa. Akaniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Mwenzako fulani ameajiriwa bandarini." Nilielewa. Nyumbani kwetu mtu wa miaka ishirini na nne anayeandika riwaya na kuunga ndege ya kuchezea ni msiba unaotembea.

Nilimwuliza Mjomba kwa nini ndege za kale zilikuwa za ghorofa. Hakunijibu kwa maneno. Alichukua vijiti viwili vya balsa, akanipa kimoja nikikunje. Kikakunjika. Kisha akaunga viwili kwa nguzo fupi katikati, akapitisha uzi kwa mshazari kutoka kona hadi kona, akanipa tena. Nikakunja mpaka vidole vikauma. Kitu kile hakikutikisika, na uzito wake ulikuwa uleule wa unyoya.

"Hilo ni daraja," akasema.

Na kweli ni daraja. Aliyeleta utaratibu huo kwenye mabawa ni Octave Chanute, mhandisi wa reli na madaraja nchini Marekani. Mwaka 1896, kwenye vilima vya mchanga kando ya Ziwa Michigan, yeye na mwenzake Augustus Herring walijaribu chombo cha kuelea angani chenye mabawa mawili, yaliyoshikwa kwa nguzo na waya za mshazari kama daraja la reli. Ndugu Wright wakaufuata utaratibu huo. Injini za wakati ule zilikuwa nzito na hazina nguvu, kwa hiyo ndege ilihitaji bawa kubwa lisilo na uzito. Ukigawa bawa hilo mara mbili na kuyafunga pamoja, umepata eneo, umepata uimara, na hukuongeza kilo. Hasara yake ni kwamba waya na nguzo zinakwaruzana na upepo, ndege haikimbii. Injini zilipopata nguvu na chuma chepesi kilipopatikana, ghorofa ya juu ikabomolewa.

Kazi ya umeme ilikuwa ya Mjomba. Ndani ya kiwiliwili aliweka betri, mota, risiva, na sevo nne. Sevo ni kimota kidogo chenye gia na kipimo cha kujua mkono wake umefika wapi. Ukisukuma kijiti cha rimoti kidogo, mkono wa sevo unazunguka kidogo. Ukisukuma sana, unazunguka sana. Mkono unavuta waya, waya unageuza kibawa au usukani wa mkia. Basi. Hakuna uchawi, ingawa bibi mmoja jirani aliamini upo.

Nilichoka. Sitaki kuwadanganya, wasomaji. Mwezi wa tatu nilikuwa natamani kurusha tu. Kiungo cha boriti ya bawa la chini, upande wa kushoto, hakikukaa sawa; kulikuwa na mwanya wa kuingiza ukucha. Mjomba alikuwa ametoka. Nilijaza mwanya ule kwa gundi nyeupe ya maseremala, nikaufunika kwa karatasi ya plastiki nyekundu inayokazwa kwa pasi. Ikapendeza. Hakuna ambaye angejua.

GUNDI YA MWAKA 1915

Jioni nilikuwa nasoma habari za Rufiji. Manowari yenyewe iliitwa Königsberg. Septemba 20, 1914 iliingia Zanzibar alfajiri ikaizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus. Kisha mashine zake zikaharibika, ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, mahali meli kubwa za Waingereza zisipoweza kuingia. Kutoka baharini haikuonekana. Ilibidi mtu aitafute kutoka juu.

Wa kwanza alikuwa rubani wa kiraia kutoka Durban, Dennis Cutler, aliyeletwa na ndege ya Curtiss ya kutua majini, ya ghorofa kama yetu. Kituo chake kilikuwa kisiwa kidogo cha Niororo, karibu na Mafia. Rejeta ya injini ikaharibika, na unajua walifanyaje? Waliagiza rejeta ya gari la Ford kutoka Mombasa, wakaifunga kwenye ndege. Niliposoma hapo nikacheka peke yangu; mambo ya Kariakoo hayakuanza leo. Novemba 1914 Cutler akaiona manowari. Desemba injini ikamwangusha delta, Wajerumani wakamkamata.

Mwaka 1915 jeshi la maji likaleta ndege nyingine, aina ya Sopwith. Hizi zilishindwa vibaya. Hewa ya joto ni nyepesi, haibebi bawa kama hewa ya baridi ya Ulaya. Zikibeba watu wawili hazitaki kupaa. Na lililo kubwa, joto la pwani liliyeyusha gundi. Mbao zikapinda, viungo vikaachia.

Nilisoma sentensi hiyo usiku ule baada ya ajali yetu, nikafunga kitabu.

Kwa maana ndege yetu ilikaa siku mbili juu ya dari ya kibanda cha Mjomba, chini ya bati, mwezi wa Januari. Wewe unayeishi Dar es Salaam unajua bati la Januari. Gundi nyeupe ikipata joto hulainika. Pale penye mwanya niliouficha, boriti ilisogea. Bawa likapinda kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Na bawa lililopinda hulazimisha ndege kulala upande mmoja hata ukisukuma rimoti mpaka ivunjike. Waingereza wa mwaka 1915 walikuwa na la kujitetea, hawakuijua pwani yetu. Mimi nimezaliwa hapa.

Asubuhi nikaenda kumwambia. Shikamoo, marahaba, kimya. Nikamweleza yote. Alitoa kipande cha bawa la kushoto ndani ya boksi, akakiweka mezani. Alikuwa ameshakichana, kiungo kiko wazi, gundi yangu imevutika kama ulimbo.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Nilikuwa nasubiri nione utakuja au hutakuja."

SWALI LA BIBI

Mwezi uliofuata nilikwenda Rufiji kumsalimia bibi, mama yake Mjomba na mama yangu. Nilikwenda na kaunta buku langu. Nilitaka rangi ya mikoko, harufu ya tope, mambo ya mwandishi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Wanasema mjini unatengeneza ndege. Utanipeleka Maka?"

Tulitaniana weee, kisha nikamsomea habari za rubani wangu. Nikamweleza jinsi Waingereza walivyoleta tena ndege za Henri Farman na Caudron mwezi Juni 1915, safari hii wakazirusha kutoka uwanja wa nchi kavu kisiwani Mafia, ambacho walikiteka Januari mwaka huo. Nikamweleza kuhusu Severn na Mersey, meli mbili za mizinga zinazoelea kwenye maji mafupi, zilivyoingia mtoni tarehe 6 Julai zikarudi bila ushindi, na zilivyoingia tena tarehe 11. Siku hiyo rubani John Cull na mwenzake Arnold walizunguka juu ya Königsberg. Arnold alikuwa akipeleka ishara za redio kuwaambia wapigaji mizinga risasi imeanguka wapi: ongeza, punguza, kushoto, kulia. Injini yao ikapigwa. Wakawa wanashuka taratibu kama jani, na Arnold bado anapeleka ishara. Wakaanguka mtoni karibu na Mersey, ndege ikapinduka, wakaokolewa wote wawili. Mizinga ilikuwa imeshapata shabaha. Königsberg ikateketea palepale.

Bibi alisikiliza huku anachambua mchele. Nilipomaliza akauliza:

"Hao wako wa angani, nani alikuwa anawapikia?"

Sikuwa na jibu.

"Na ile mitambo ya meli, unajua nani aliivuta?"

Akanieleza. Mitambo ya Königsberg ilipoharibika, matangi yake makubwa ya mvuke yalifunguliwa, yakapelekwa karakana ya Dar es Salaam kwa nchi kavu, zaidi ya kilometa 100, kisha yakarudishwa. Hilo limo vitabuni pia, mstari mmoja: yalivutwa na maelfu ya Waafrika. Baba yake bibi alikuwa mmoja wa maelfu hayo. Alikuwa kijana, hajaoa bado. Bibi, mtoto wake wa mwisho, alikumbuka kovu la kamba begani mwake, jeusi na laini, ambalo watoto walikuwa wanapenda kulipapasa.

"Alikuwa anasema, tulilivuta likaenda, tukalivuta likarudi, wakalipiga likafa. Jasho letu lote likaliwa na mto."

Haikuishia hapo. Mjerumani alimvutisha, Mwingereza alipokuja akambebesha. Alichukuliwa upagazi, akalala kambini Dar es Salaam na wenzake kabla ya kupelekwa bara. "Kambi yenyewe ni hapohapo mnapouzia redio," bibi akasema. "Kwani jina la Kariakoo mnadhani limetoka wapi?"

Jina hilo nilikuwa nalijua, hata shuleni tulifundishwa. Kariakoo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, wakaweka hapo kambi yao. Wapagazi waliochukuliwa upande wa Waingereza peke yao walifikia milioni moja hivi, na waliokufa kwa hesabu za serikali yao wenyewe ni zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Yote hayo nilikuwa nayajua kama mtu anavyojua jibu la mtihani. Lakini kujua kwamba mtu wa damu yangu alilala chini mahali ninapokunywa chai kila siku, hilo lilikuwa jingine kabisa.

Ukienda katikati ya Dar es Salaam utaona sanamu ya askari, iliyowekwa mwaka 1927, ameshika bunduki. Nairobi kuna sanamu za watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Mizinga ya Königsberg, iliyotolewa melini ikapiganiwa nchi kavu, mmoja uko Fort Jesus Mombasa na mwingine uko Pretoria. Chuma kimetunzwa. Marubani wamo vitabuni kwa jina na cheo. Waliovuta wameandikwa kwa tarakimu.

Kabla sijaondoka bibi akanitajia jina la baba yake, jina kamili na la babu yake, akanilazimisha niliandike mbele yake. Hajui kusoma. Akaweka kidole juu ya wino, akauliza, "Ndiyo hili?" Nikamwambia ndilo. Akalitazama kitambo.

SAFARI YA PILI

Tuliunga bawa la kushoto upya. Safari hii boriti nilikata mara tatu mpaka ukucha usiingie popote, na gundi tukatumia ile ya kuchanganya mirija miwili, isiyoogopa joto. Bawa lilikaa limechomwa pini siku tatu. Pua ilikuwa nyepesi baada ya ukarabati, na ndege yenye mkia mzito hunyanyua pua, hukata mwendo, hudondoka. Kwa hiyo nikaenda Feri kununua risasi za nyavu, nikazifunga mbele mpaka ndege ikasimama sawasawa juu ya vidole viwili.

Nilimsimulia Mjomba maneno ya bibi huku tunafanya kazi. Yeye ni mjukuu wa yule mzee, lakini alizaliwa mzee ameshafariki. Habari za kovu hakuwahi kuzisikia. Alinyamaza, akaendelea kujaribu sevo, kushoto, kulia. Kisha akasema kitu ambacho nimekiandika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya:

"Redio ya ndege ile ya Mafia ilikuwa inasema tu, haisikii. Hii yetu inasikia tu, haisemi. Babu alikuwa kama hii."

Akachukua kalamu ya wino mzito, akageuza ndege tumbo juu, akaandika jina la babu yake chini ya bawa, kwa herufi kubwa, kutoka ncha hadi ncha.

Siku hizi chochote kinachoruka kwa rimoti kinataka kibali, nasi tulihangaika nacho mpaka viatu vikalia. Lakini asubuhi moja tukasimama tena kwenye uwanja uleule wa mchanga, nje ya mji upande wa Mkuranga, upepo haujaanza. Watoto walikuwapo, safari hii wengi zaidi, wamekuja kuona ikianguka.

Haikuanguka. Ilikimbia mita kumi, ikaacha ardhi, ikanyooka. Mjomba akaizungusha uwanja mara moja, mara mbili, polepole, waya zikilia kidogo upepo unapopita. Ndege ya ghorofa haina haraka. Ndiyo sababu mtu anaweza kuitazama. Ilipopita juu yetu jina lilisomeka. Mtoto mmoja mwenye miwani akalisoma kwa sauti, silabi moja moja, na wenzake wakaitikia kama wako darasani. Nikamwona Mjomba anafuta jasho, ijapokuwa kulikuwa bado baridi.

Akanipa rimoti. Nusu dakika tu. Ndege ikiwa inakwenda mbele, kulia ni kulia. Ikigeuka kuja kwako, kulia kwako ni kushoto kwake, na usipojiweka ndani yake kwa fikira utaiua. Nilikuwa nimesubiri dakika hiyo miezi sita ili nijue rubani anavyojisikia, nikaiandike. Nitawaambia ukweli: sikujisikia rubani hata kidogo. Macho yangu hayakutoka kwenye kiungo cha bawa la kushoto. Nilikuwa nasikiliza gundi.

Dakika tatu na nusu, Mjomba akaitua. Iliruka kidogo ardhini kama chura, ikasimama.

Riwaya nimeianza upya. John Cull yumo, na ndege yake imo, maana ushujaa wake si wa uongo na sina sababu ya kumfuta. Lakini anapita juu, mbali, sauti ya injini tu. Sura ya kwanza inaanza chini, kwenye kamba. Nimeshafika ukurasa wa sitini na sijakwama, kwa sababu sasa najua kitu kizito kinavyovutwa na kitu chepesi kinavyoungwa. Enyi wenzangu mnaoandika, kabla hujaandika kwamba mtu alijenga, alivuta au alipaa, nenda kashike kamba hiyo kwa mkono wako, hata kama ni ya kuchezea. Itakuonyesha wapi umeficha mwanya.

Mama bado anataja bandari. Juzi lakini nilikuta vibanio vya nguo viko juu ya meza yangu, dazeni mbili, vipya.

Na jina lililo chini ya bawa? Hapa silitaji. Litakuwa neno la kwanza la kitabu, na bibi ameniahidi kwamba siku kikitoka ataweka kidole juu yake tena.